Baba ni mwalimu, mtoto anatetemeka akiona daftari

Jambo sana Yaya, mkubwa wetu unayejibu barua zetu, na heri ya mwaka mpya, ijapokuwa kwetu 2021 umeingia ukichechemea.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Majengo hapa Goma. Furaha ana miaka 14, yuko mwaka wa nane. Baraka ana 10, yuko wa tano primeri. Neema ana 6, ndiyo kwanza alikuwa ameanza wa kwanza. Shule zilipofunguliwa tarehe 12 Oktoba nilishona uniformu za wote watatu kwa deni, na tarehe 18 Desemba zikafungwa tena. Miezi miwili tu. Ya Neema bado ina alama za chaki ya fundi kwenye pindo, haijafuliwa hata mara tano.

Mbele ya korona nilikuwa naishi na Petite Barrière, ule mpaka wa kuvukia kwenda Rwanda. Asubuhi napita na jetoni, kile kibali cha kuvuka, nanunua nyanya na karoti Gisenyi, saa nne nimeshauza Birere, mchana navuka tena. Machi ya mwaka jana wakafunga mpaka kwa sisi wa miguu. Mtaji tukaula kidogo kidogo, na zamu yangu ya likirimba, chama chetu cha kuchangiana pesa, ilipofika nayo tukaila. Sasa nauza ndizi na makala, yaani mkaa, kando ya barabara, kutoka alfajiri mpaka giza, halafu nakimbia nyumbani maana saa tatu ya usiku ni kuvrefe, hakuna kutoka nje.

Mume wangu anafundisha hesabu kwenye shule moja ya binafsi. Pale mwalimu analipwa kwa minervali, ile karo ya wazazi. Watoto wasipoingia, hakuna kitu. Mwaka jana alikaa karibu miezi saba bila faranga hata moja. Safari hii mwenye shule aliwaambia wavumilie, na tangu Noeli hashiki simu yake.

Sasa taabu yenyewe. Shule ya watoto inatuma masomo kwa WhatsApp, kwenye simu yangu moja iliyopasuka kioo. Baba akasema hapana, nyumba yenye mwalimu haiwezi kungoja masomo ya simu, atawafundisha mwenyewe. Nilifurahi. Jumatano iliyopita mvua ikanirudisha mapema, nikawakuta mezani. Baraka alikuwa na hesabu ya sehemu: nusu kujumlisha theluthi. Alikuwa ameandika mbili juu ya tano. Baba hakupaza sauti. Alishika rula ya mbao akampiga kwenye vidole, pigo moja kwa kila kosa la ukurasa ule, huku anahesabu. Mtoto hakulia. Alikuwa anaitazama rula tu inapanda na kushuka. Tangu siku hiyo akiona daftari tumbo linamuuma. Si maigizo Yaya, juzi alitapika.

Mume wangu si mtu mbaya. Mtaani wanamwita Prof, wanafunzi wake wa zamani wakimwona wanasimamisha mota (pikipiki) kumsalimu. Lakini siku hizi analala mpaka saa nne, akiamka ni kutafuta kosa la mtu. Nikisema neno, anasema namdharau kwa sababu mimi ndiye ninayeleta chakula. Nikinyamaza, mtoto anaharibika. Na mimi siwezi kumfundisha. Niliishia wa nne primeri, Kifaransa changu ni cha sokoni, hesabu sijui.

Neema naye ameanza tena kukojoa kitandani, kitu alichokuwa ameacha zamani. Baba anasema ni uvivu.

Furaha peke yake ndiye hanisumbui. Anaamka saa kumi na moja kuchota maji, anapika, anafua, anamwangalia mdogo wake. Hata simu ni yeye anayeipeleka kuchaji jioni, na kijana wa pale ana roho nzuri, anampa mega bure za intaneti za kupakulia masomo. Kwa huyo namshukuru Mungu.

Usiku silali, moyo unapiga kama nimepanda mlima. Nifanye nini na mume wangu?

Mama wa Majengo

*

Mama wa Majengo, jambo, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali pamoja, na si kwenye rula. Rula tutaifikia. Nimekwama kwa kijana wa kuchaji simu.

Umeniandikia habari ndefu za mume, za Baraka, za mpaka. Furaha umempa mistari michache, yote ya kumsifu, ukapita. Msichana wa miaka 14 anaamka saa kumi na moja, anafanya kazi za mama wa nyumba mpaka jioni, halafu jioni hiyo hiyo anatoka peke yake kwenda kwa kijana anayempa kitu bila kulipa. Yeye anasoma saa ngapi? Hujaniambia. Nadhani hujaniambia kwa sababu hasomi.

Simhukumu kijana. Pengine ana roho nzuri kweli, pengine ana dada wa umri huo. Lakini wewe ni mchuuzi, mama. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba anayekupa bidhaa kila siku bila kudai ana daftari lake mahali, hata kama hujaliona. Na haya ya kufunga shule si mageni duniani. Sierra Leone, Ebola ilipofunga shule mwaka 2014, wasichana wengi walipata mimba, na wengi wao hawakurudi kwenye madawati, maana serikali yao ikawakataza wajawazito kuingia darasani. Katazo hilo liliondolewa Machi 2020 tu. Hakuna aliyekuwa amewatuma wasichana hao kwa wanaume. Walitumwa kuchota maji, kuuza, kuomba vocha.

Kwa hiyo kuanzia kesho simu ipeleke mwenyewe asubuhi unapokwenda kuuza, ulipie, uichukue mwenyewe. Furaha usimhoji kama polisi. Mkae wawili, mchambue sombe (majani ya mihogo) au mpembue maharagi, mikono ikiwa na kazi mdomo hufunguka, na umuulize kijana yule huongea naye nini, amewahi kumwomba nini, amewahi kumshika. Mwambie mapema kwamba jibu lolote atakalotoa, hatapigwa na baba hataambiwa bila yeye kujua. Kisha utimize. Ikiwa kuna lililotokea, usilale nalo: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. HEAL Africa hapa mjini wamezoea kuwapokea wasichana kwa heshima. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi inatakiwa ianzwe kabla ya saa 72 kupita, na ya kuzuia mimba nayo kadiri inavyowahi ndivyo inavyofanya kazi. Na asikudanganye mtu kwamba walikubaliana. Sheria yetu ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto ni kila asiyetimiza miaka 18.

Ikiwa hakuna kitu, mshukuru Mungu, na simu uendelee kuipeleka wewe.

Baraka ana miaka 10, anaweza kubeba bidoni (dumu) ya maji ya lita tano. Safari mbili na Neema akimfuata na chupa. Ataona aibu, atasema ni kazi ya wasichana. Mwache aseme huku anatembea. Baada ya chakula cha mchana saa mbili nzima ziwe za Furaha, asiitwe na mtu, hata kama sufuria ziko chafu. Sufuria haifanyi mtihani.

Na mega hamzihitaji nyingi mnavyofikiri. Radio Okapi walianzisha masomo hewani wakati wa kufungwa kwa kwanza, yanaitwa Okapi École, na redio ndogo ya mawe (betri) mnayo au jirani anayo. Watoto wasikilize pamoja, halafu mmoja awasimulie wengine kwa Kiswahili alichosikia kwa Kifaransa. Atakapokwama ndipo pa kuangalia kwenye simu. Picha ya ukurasa mmoja inatumia mega kidogo sana kuliko video, kwa hiyo mwombe mwalimu wao atume picha za daftari badala ya kujirekodi anaongea.

Sasa Baraka na sehemu zake. Hapa niruhusu nicheke kidogo, maana umesema hesabu hujui. Wewe? Ulikuwa unanunua kwa faranga za Rwanda, unauza kwa faranga za Kongo, na wenye deni wanakudai kwa dola. Dola mwanzoni mwa 2021 ilikuwa karibu 2,000 zetu na karibu 1,000 zao. Tuseme ndoo ya nyanya kule ni 4,000: kabla muuzaji hajafunga mdomo umeshajua ni 8,000 za huku, umeondoa nauli ya mbebaji, umeondoa zile zitakazopondeka njiani, na umeshaamua kama inafaa. Mume wako akiandika hayo yote ubaoni yatajaa ubao mzima. Wewe huyafanya umesimama, na mtoto mgongoni.

Chukua ndizi sita za biashara yako, uziweke mbele ya Baraka. Daftari lisionekane. Muulize nusu yake ni ngapi. Tatu. Theluthi yake? Ataweka mafungu matatu, atasema mbili. Tatu na mbili? Tano. Tano kati ya sita. Hilo ndilo jibu la hesabu iliyompigisha vidole. Halafu mrudishe polepole kwenye lile kosa, kwa sababu lile kosa ni zuri, lina akili ndani yake: alijumlisha juu na juu, chini na chini. Mwulize, mbili juu ya tano ni zaidi ya nusu au ni chini ya nusu? Ni chini. Ulianza na nusu ya ndizi, ukaongezewa nyingine, ukabaki na pungufu ya nusu, nani amekula? Atacheka. Akicheka, tumbo halitauma siku hiyo. Mwisho mle hizo ndizi, hasara hiyo naibeba mimi.

Wiki mbili hizi asiguse daftari la hesabu mbele ya baba yake. Ndizi, makala, chenji za wateja, basi. Na mtoto wa miaka 10 hahitaji kukaa mezani siku nzima. Muda wa saa moja asubuhi na mwingine kama huo jioni, akili ikiwa imetulia, unampa mengi kuliko saa sita za kutetemeka. Kuna watu wa ng'ambo wanashauri ratiba ya rangi ibandikwe kwenye friji. Friji ipi? Ratiba yenu ni maji, chakula, redio, saa za Furaha, kucheza nje mpaka jua lizame. Inatosha. Ila ifanane kila siku, maana mtoto aliyenyang'anywa shule anatafuta kitu kimoja kitakachorudi kesho kama kilivyokuwa jana.

Neema si mvivu. Mtoto aliyeacha kukojoa akaanza tena anaona mambo makubwa kuliko maneno aliyonayo: shule imemkimbia baada ya miezi miwili, baba anampiga kaka, mama haonekani mpaka giza. Asipewe vinywaji vingi jioni, apelekwe chooni kabla ya kulala, na asubuhi shuka itolewe kimya kimya bila tangazo. Akilalamika mkojo unachoma, au ana homa, hiyo ni ya kituo cha afya. Na huyu unaweza kumfundisha wewe kabisa, Kifaransa kisikutishe: katika mwaka wa kwanza na wa pili wa primeri lugha ya kufundishia inatakiwa iwe ya kwetu, yaani Kiswahili. Ma, me, mi, mo, mu. Jina lake, jina lako, ndizi, makala. Andika kwa kipande cha chaki juu ya jiwe la volkano, hapa Goma mawe hatukosi.

Nimefika kwa Prof.

Mwaka jana shule zilipofungwa mara ya kwanza nilimfokea mjukuu wangu kwa ajili ya imla, neno moja tu, hata silikumbuki. Jioni nikagundua kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeambiwa kazi yangu imesimama. Mjukuu alilipa deni la mtu mwingine. Mume wako naye, miaka yote amekuwa mtu anayesimama mbele ya watu arobaini na wote wananyamaza akishika chaki. Sasa anaamka saa nne kwa sababu akiamka saa kumi na mbili hana pa kwenda, na mke ameshatoka. Hayo ninakueleza ili umwelewe. Sikuelezi ili uvumilie rula. Rula itoke ndani ya nyumba, na wa kusema hivyo ni wewe.

Usiseme usiku, usiseme watoto wakiwa wanasikia, na siku hiyo chakula na pesa visitajwe hata kwa bahati mbaya. Mwandalie maji ya kuoga, akimaliza mwambie: "Papa Furaha, mtoto anatapika akiona daftari. Wewe umefundisha watoto wa watu miaka mingi, ungemwona mwanafunzi wako anatapika hivi ungefanya nini?" Halafu nyamaza. Mwache mwalimu ajibu, baba akasirike baadaye. Ukianza na "unampiga mno" umempoteza kabla hujafika katikati ya sentensi. Akikataa, au rula ikirudi, nenda kwa mtu ambaye yeye humsikiliza, kaka yake mkubwa au mzee wa kanisa, uende na jambo moja tu, la vidole vya Baraka. Na ikiwa mkono huo unakufikia na wewe, jambo ambalo hukuandika na mimi sitaki kulibuni, basi usingoje mazungumzo. Uchukue watoto mwende kwa ndugu yako, tuongee mkiwa huko.

Juu ya moyo unaopiga usiku: mkuu wa likirimba mwone wiki hii, kabla hajakuona yeye. Mwambie nimekula zamu, nitarudisha kidogo kidogo, kiasi hiki kila Jumamosi, hata kiwe cha aibu. Likirimba nyingi za akina mama wa mpaka zimekwama mwaka huu, hutakuwa wa kwanza. Ukiona moyo unakimbia na mchana, pima presha.

Kitu kingine, na hiki ningependa kitoke kwa jirani, kisitoke kwako. Majengo haikosi mzazi mwenye mtoto wa kufanya mtihani wa mwisho mwaka huu, anayelia kama wewe. Mtafute mmoja unayemwamini, mnong'oneze, aje yeye kwa mguu wake kumwomba Prof amsaidie mtoto. Akikubali mmoja, watakuja wengine. Wasizidi watano, wakae nje penye hewa, kila mmoja na kashne yake ya kufunika pua na mdomo, na maji ya kunawa mlangoni. Tangu Ebola ile ya hapa kwetu, bidoni ya robineti kila nyumba inajua kuitumia. Wazazi walete wanachoweza, faranga 500, kopo la maharagi, kipande cha sabuni. Asubuhi ya kwanza utaona anatafuta shati lake la kazini. Baraka usimlazimishe kuingia. Mwache apite pite na bidoni yake, asikie baba anavyowaongelesha watoto wa wengine.

Ubao usitafute mbali. Nyumba yenu ni ya mbao kama nyingi za huko, sivyo? Ukuta wa nje, upande usiopigwa na mvua, paka kaa lililosagwa na maji ya majani ya sombe, likauke siku mbili. Chaki nunua wewe, uiweke juu ya meza bila kusema kitu.

Yaya